Komisere Maigret ni mtu wa aina gani? Namna ya kumpima mpelelezi wa riwaya

Kosa la kwanza katika kupima haiba ya mpelelezi wa riwaya hufanyika kabla jedwali lolote halijafunguliwa: msomaji anaichukua kazi ya mtu na kuiita tabia yake. OPJ (ofisa wa polisi wa upelelezi) wa Katuba, hapa Lubumbashi, anayeandika kwenye PV, yaani hati ya maelezo ya kesi, jina, umri, avenue, namba ya nyumba na saa ya tukio hajatuambia lolote kuhusu nafsi yake. Utaratibu ndio unaomtaka aandike hivyo, na asipoandika, faili itarudi kutoka parke, ofisi ya waendesha mashtaka. Huenda nyumbani kwake hata funguo huzitafuta kila asubuhi. Mpelelezi wa kitabuni yuko hivyohivyo, ila yeye ana mabwana wawili: kazi yake, na mwandishi asiyetaka siri ivuje kabla ya kurasa za mwisho.

Hapo ndipo inapotoka ile desturi ya kumbandika kila mpelelezi maarufu herufi INTJ au INTP, alama za aina za haiba zitakazoelezwa hapa chini. Anaona vitu vidogo, anafuata hoja, ananyamaza, anafichua mwishoni. Hizo ni sifa za riwaya ya upelelezi yenyewe, na anayezihesabu anampima mtunzi na wachapishaji wake. Sherlock Holmes hamwambii Watson anachokiwaza kwa sababu Watson ndiye msimulizi: akijua yeye, tumejua sote, na hadithi imekwisha.

Makala haya yanamchukua Jules Maigret, komisere wa polisi wa Paris katika riwaya za Kifaransa, kwa sababu mbili. Kwa msomaji wa Lubumbashi aliyesoma kwa Kifaransa yeye ni mtu wa karibu. Muumba wake, Georges Simenon, ni Mbelgiji aliyezaliwa Liège mwaka 1903, na mwaka 1932 alipita Kongo na kuandika makala makali kuhusu ukoloni. Sababu ya pili ni ya kiufundi: Maigret anazigomea herufi. Ushahidi si haba, kwani kati ya 1931 na 1972 zilitoka riwaya 75 na hadithi fupi 28, na bado wasomaji wazuri wanabishana juu yake. Mabishano hayo yana chanzo, na chanzo chenyewe kinaonekana ukifuata kazi kwa mpangilio.

Mifumo mitatu, maswali matatu

Mfumo wa herufi nne, unaojulikana kama MBTI, umejengwa juu ya kitabu cha Carl Jung cha mwaka 1921 kuhusu aina za kisaikolojia. Wamarekani wawili, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, waliyageuza mawazo hayo kuwa dodoso, na mwongozo wa kwanza wa dodoso hilo ulichapishwa mwaka 1962. Jozi ni nne. E au I: nguvu ya mtu inaelekea nje au ndani. S au N: anapokea mambo kwa milango ya fahamu au kwa utambuzi unaomjia mara moja bila hatua. T au F: anaamua kwa hoja au kwa thamani ya watu. J au P: anapenda kufunga mambo au kuyaacha wazi. Zikichanganywa zinatoa aina 16. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Isabel Myers mwenyewe alikuwa mtunzi wa hadithi za upelelezi, na mwaka 1929 riwaya yake ya kwanza ilishinda shindano. Basi anayempima Maigret kwa herufi nne anatumia kipimo cha mwenzake Simenon wa kazi moja.

Udhaifu wa herufi ni kwamba zinakata katikati. Watu wengi hukaa karibu na mstari wa kati, si kwenye ncha, kwa hiyo mmoja aliye kidogo upande huu na mwingine kidogo upande ule wanapewa herufi tofauti ilhali wanafanana kuliko mtu na ndugu yake. Tena si wachache wanaopata herufi nyingine wakirudia dodoso baada ya wiki chache.

Mfumo wa nyanja tano hauna masanduku. Unatoa alama katika uwazi wa akili, uwajibikaji, uchangamfu, wema kwa watu, na wasiwasi. Paul Costa na Robert McCrae, katika dodoso lao la 1992 lenye maswali 240, waligawa kila nyanja katika vipengele sita, jumla 30. Vipengele hivyo 30 ndivyo vitakavyotufaa. Nyanja tano zenyewe, kama tutakavyoona, zinaficha mengi.

Wa tatu ni eneagramu, yenye namba 1 hadi 9, iliyopewa sura yake ya sasa na Óscar Ichazo na Claudio Naranjo. Kisayansi ina msingi mwembamba, na mwanafunzi wa saikolojia pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiitegemea peke yake katika kazi ya mwisho wa masomo atapata taabu mbele ya jopo. Lakini inauliza swali ambalo mifumo mingine miwili hailigusi: mtu huyu anataka nini, na anakimbia nini? Mtunzi wa riwaya anajiuliza swali hilohilo kila siku, ndiyo maana kwa mhusika wa kubuni eneagramu hufaa kuliko inavyomfaa jirani yako.

Upo pia mgawanyo wa kale wa tabia nne unaohusishwa na Hippocrates na Galenos. Kwa Maigret unatoa jibu papo hapo: mtulivu, mzito, baridi. Ni kweli, na hakuna la kufanya na jibu hilo.

Daftari kwanza

Mpangilio wa kazi ni huu: vipengele 30 kwanza, eneagramu baadaye, herufi nne mwisho kabisa. Wengi hufanya kinyume. Wanasoma maelezo ya ISFP, wanaona yanamfaa, kisha wanatafuta kurasa za kuyathibitisha. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 dodoso, kisha akampa kila mmoja aya ya tathmini. Aya ilikuwa moja kwa wote, imeokotwa kutoka kitabu cha unajimu. Wanafunzi waliipa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Maelezo ya aina 16 yameandikwa kwa lugha ileile ya kumkaa kila mtu, na ukiyasoma mapema umekwisha jifunga macho.

Chukua daftari, gawa ukurasa safu nne. Katika safu ya kwanza andika tendo au neno, pamoja na namba ya ukurasa. Ya pili: nani anatuambia, msimulizi, mtu mwingine au Maigret mwenyewe. Ya tatu: kazi ilimtaka afanye nini pale. Ya nne: ni nini kingine angeweza kufanya, na kingemgharimu kiasi gani. Riwaya hizi ni fupi, kwa hiyo maingizo 30 hadi 40 kwa kila moja yanatosha. Ukimaliza, futa kila ingizo ambalo safu ya kwanza na ya tatu zinafanana. Sehemu kubwa ya ukurasa itaondoka, na inauma kidogo, maana yanayoondoka ndiyo yale mazuri: alama za viatu, uongo aliounasa, saa ya kifo. Hayo ni ya kazi.

Soma riwaya tatu za vipindi tofauti. Zilizochapishwa na Fayard kati ya 1931 na 1934 ni 19. Za Gallimard, miaka ya 1940, ni sita. Za Presses de la Cité, kuanzia 1947 hadi 1972, ni 50. Moja kwa kila kipindi ndiyo kiwango cha chini. Na usichanganye kitabu na televisheni. Jean Richard, Bruno Cremer na Rowan Atkinson wote wamekuwa Maigret, kila mmoja na uso wake na mwili wake. Cremer hasa ana ukimya mzito unaojaza chumba, na msomaji aliyemwona kwanza humpa Maigret wa kitabuni alama ambazo ni za mwigizaji.

Kabla ya kuingia kwa Maigret, jaribu kichujio hiki kwa wengine wawili uone kinavyofanya kazi. Hercule Poirot, Mbelgiji wa Agatha Christie, anasifiwa kwa mpangilio. Je, ni kazi? Hapana, kwa sababu anataka mayai yake ya asubuhi yawe na ukubwa mmoja, na yai halina kesi. Katika riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1920, mkono wake unaojiendea wenyewe kunyoosha mapambo juu ya meko ndio unaomfikisha kwenye karatasi iliyofichwa. Mpangilio wake unapita kichujio, alama 5. Holmes naye husemwa kuwa ni J kwa sababu anachunguza kwa utaratibu. Nenda nyumbani kwake: tumbaku iko ndani ya kiatu cha Kiajemi, barua zisizojibiwa zimechomwa kisu juu ya mbao ya meko. Mpangilio wa chumba, 1. Anayemwita Holmes J ameisoma maabara yake na kuacha kukisoma chumba.

Maigret: yanayobaki baada ya kufuta

Quai des Orfèvres, makao ya polisi wa upelelezi wa Paris, wameweka mfumo wa joto katika jengo zima. Maigret anabaki na jiko lake la makaa na analichochea mwenyewe. Hakuna kazi iliyomwomba.

Yeye ni mkuu wa kikosi. Anaweza kuwatuma wasaidizi wake Lucas, Janvier au Lapointe, na wakubwa wake wangependa abaki ofisini. Anatoka mwenyewe, anakaa saa nzima kwenye baa ya pembeni, anapanda ngazi, anasimama jikoni kwa mama mlinzi wa jengo na kunusa kilicho kwenye sufuria. Mara nyingi kinywaji alichokianza siku ya kwanza ya kesi ndicho atakachoendelea nacho hadi mwisho, iwe bia, calvados (pombe kali ya tufaha) au divai nyeupe.

Katika kitabu kimoja cha 1931 anapanga mfungwa aliyehukumiwa kifo atoroke gereza la La Santé, kwa sababu haamini kwamba ndiye muuaji. Safu ya nne hapa ni nzito: angeweza kunyamaza, hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa, na akikosea kazi yake imekwisha.

Katika riwaya moja ya 1949 polisi wa London wanamtuma inspekta aitwaye Pyke kusoma mbinu zake. Maigret anakasirika na kuona haya siku zote hizo, maana hana mbinu ya kumwonyesha mgeni.

Halafu kuna ingizo linalowakosesha wasomaji wengi: mke wake anamwita Maigret, naye anamwita Madame Maigret. Msomaji wa Paris wa leo anaweza kuandika ubaridi. Msomaji wa Lubumbashi, ambako mke humwita mumewe Papa Kabwe kwa jina la mtoto na hakuna anayedhani hawapendani, hatategwa hapo. Wawili hao huenda sinema wakiwa wameshikana mkono. Ingizo hilo lifutwe. Ni desturi ya kuitana.

Sasa alama, kutoka 1 hadi 5, na hizi ni za kwetu baada ya kichujio. Uwajibikaji: uwezo 5, mpangilio 2, wajibu 4, hamu ya cheo 2, nidhamu 4, kupima kabla ya kutenda 3. Wema kwa watu: kuamini 3, unyoofu 2 (anawategea watuhumiwa bila aibu), kujitolea 4, kutii 1, unyenyekevu 4, huruma 5. Uwazi wa akili: kuwaza maisha ya wengine 4, sanaa 2, hisia 5, vitendo vipya 1, nadharia 2, maadili 4.

Kuhusu ile alama ya 1 katika kutii, neno moja kwa wasomaji wa hapa. Hakimu Coméliau, anayegombana na Maigret kitabu hadi kitabu, si hakimu anayesubiri kesi mahakamani. Ni hakimu wa upelelezi wa Kifaransa, ndiye kisheria anayeongoza uchunguzi. Kwetu kazi hiyo iko kwa magistra wa parke, na OPJ yuko chini yake. Maigret anapomzunguka Coméliau anamzunguka bosi wa faili, na hilo ni zito kuliko linavyoonekana.

Angalia wastani: 3.3, 3.2, 3.0. Mtu wa katikati kabisa, hana ladha. Lakini rudi kwenye vipengele vyenyewe: kati ya 18, ni viwili tu vilivyopata 3. Huruma 5 inafutwa na kutii 1. Hisia 5 inafutwa na vitendo vipya 1. Hii ndiyo sababu ya mabishano yote. Anayetazama huruma anaona mtu mpole, anayetazama kutii anaona mtukutu, na wote wawili wanasoma nyanja moja. Ukiripoti nyanja tano bila vipengele umemsawazisha hadi akapotea.

Uchangamfu unafanana: ukunjufu 4, kupenda kundi 2, sauti ya kuamuru 4, kasi 2, kutafuta msisimko 1, furaha inayoonekana 2. Katika wasiwasi, hasira ni 4 na kuvunjika chini ya shinikizo ni 1. Lakini kipengele cha aibu hakitulii, na hapa kuna jambo.

Mbele ya maskini na mbele ya matajiri

Maigret ni mtoto wa msimamizi wa mashamba ya kasri la Saint-Fiacre. Mbele ya kahaba, mlevi au karani aliyeiba, hana aibu hata chembe. Anaketi, anawasha kiko, anasubiri. Mbele ya mkuu wa familia ya kale au bwana wa viwanda anakuwa mgumu, sauti inabadilika, wakati mwingine ni mkali kuliko inavyotakiwa. Ukitafuta wastani utaandika 3 na utakuwa umekosea mara mbili.

Walter Mischel alilisema jambo hili mwaka 1968: tabia za mtu hubadilika mno kutoka hali moja hadi nyingine kuliko wapimaji walivyodhani. Baadaye, mwaka 1995, yeye na Yuichi Shoda wakalikamilisha: kubadilika kwenyewe kuna mpangilio thabiti wa kama na basi. Kama yuko na mtu mdogo, basi anafunguka. Kama yuko na mtu mkubwa, basi anajikaza. Huyo ni Maigret yuleyule siku zote, na hakuna herufi wala namba inayombeba vizuri kama sentensi hizo mbili. Katika daftari acha kurasa mbili nyuma kwa ajili ya kama na basi tu. Kwa mpelelezi ni rahisi kuzijaza, kwa kuwa kazi yenyewe inamkutanisha na watu wa kila tabaka katika siku moja.

Anataka nini?

Kwenye eneagramu wapelelezi hupewa 5 kama sare ya shule: mtazamaji anayejilinda kwa maarifa na kukaa mbali. Maigret hakai mbali. Anaingia, anakula wanachokula, anavaa mwendo wao. Namba 1, msahihishaji, nayo inaanguka, kwa sababu mara kadhaa anamjua mkosaji na kumwacha aende zake. Namba 2, msaidizi, inavutia kwa sababu ya huruma, lakini wa namba 2 anahitaji kuhitajika, na Maigret akishukuriwa anaangalia dirishani.

Ushahidi mkubwa uko kwenye ujana wake. Alianza masomo ya udaktari Nantes na kuyaacha baba yake alipofariki. Alichokuwa akikiota hakikuwa cheo: aliota mtu ambaye angekuwa daktari na padri kwa pamoja, anayemtazama mwingine na kuelewa njia yake, awarudishe mahali pao wale waliopotea. Simenon anamwita fundi wa kutengeneza maisha ya watu. Hamu hiyo, pamoja na kumezwa na maisha ya wengine, mazoea ya kula na kunywa yasiyobadilika, utulivu unaogeuka ukaidi akisukumwa, ni namba 9, na bawa la 8, yaani rangi ya namba jirani, kwa ajili ya ukubwa wa mwili wake na ugomvi wake na wenye mamlaka. Kinachopinga: katika riwaya ya 1955 anawatumia askari wanawake kama chambo Montmartre kumnasa muuaji. Namba 9 halisi ingetafuta njia isiyo na hatari kwa wengine. Bawa la 8 linaeleza sehemu. Iliyobaki iandikwe kama ilivyo, ingizo lisilofaa.

Herufi, mwisho

I inakubalika, kwa tahadhari kwamba ukunjufu wake ni 4. Vita viko kwenye S na N. Upande wa S wanaonyesha pua, ulimi, mvua, moshi. Upande wa N wanaonyesha kwamba hana hatua. Jibu linamjia kwa mkupuo, na ukimuuliza anafikiri nini atakujibu kwamba hafikirii. Wote wana kurasa.

Swali linalotenganisha ni moja: harufu anaifanyia nini? Holmes anajivunia kutambua aina 140 za majivu ya tumbaku. Kwake majivu ni dalili inayoelekeza kwa mtu fulani. Maigret hanusi ili apate dalili. Ananusa hadi nyumba imwingie. Anafanya kama mzee anayekuja kilioni Kamalondo, anavuta kiti, haulizi kitu, na baada ya saa mbili anajua ni nani hasemi na nani na kwa nini. Malighafi yote ni ya milango ya fahamu, inakusanyika taratibu, na kile kinachoonekana kama radi ni ndoo iliyojaa. Kwa maana hiyo ni S. Anayesema N ameangalia dakika ya mwisho tu na kusahau siku tatu za kukaa.

T na F haina taabu baada ya kichujio. Mahojiano ya usiku kucha, yenye mikate na bia zinazoletwa kutoka Brasserie Dauphine, yana mantiki kali, lakini hayo ni ya kazi, yamefutwa. Yaliyobaki, yule mfungwa wa La Santé na wale aliowaachia, yote ni F.

J na P tuiache wazi. Herufi hiyo inachanganya mambo mawili ambayo kwa Maigret hayakai pamoja: mazoea yake ya maisha yamefungwa kwa msumari, chakula cha jioni na rafiki yake daktari Pardon kila mwezi, kiko, jiko, ilhali uchunguzi wake hauna mpango kabisa. Kuandika ISF na kistari si uvivu. Ni kusema kwamba swali la nne, kwa mtu huyu, limeulizwa vibaya.

Wasomaji wawili, na mitego iliyobaki

Alama za mtu mmoja zina thamani ndogo. Wawili wasome vitabu vilevile, wajaze daftari bila kuonana, kisha wakae mezani. Tofauti ya alama 1 iacheni. Tofauti ya 2 au zaidi, kila mmoja afungue ukurasa wake. Mjini kwetu inafaa mmoja awe kijana na mwingine mtu mzima, kwa sababu ukimya wa Maigret unasomwa tofauti kabisa: kijana huandika kwamba hapendi watu, mzee huandika kwamba anawaheshimu. Kanuni ya kuamua ni safu ya pili. Kama msimulizi anatuingiza kichwani mwake tujue kwa nini ananyamaza, tunafuata hilo. Kama ni mshukiwa anayesema komisere ni mtu baridi, huo ni ushahidi kuhusu mshukiwa.

Safu hiyohiyo inaleta kichekesho kimoja. Mwaka 1951 Simenon alitoa kitabu ambacho Maigret mwenyewe, amestaafu, anaandika kumbukumbu zake na kulalamika kwamba bwana mmoja aitwaye Simenon amemchora vibaya. Je, ushahidi huo una uzito zaidi kwa kuwa unatoka kinywani mwake? Hauna. Mtu anayejieleza anatuambia anavyotaka kuonekana, na hapa aliyeandika pande zote mbili ni yuleyule. Maingizo ya kitabu hicho yawekwe ukurasa wa peke yao, yasiingie kwenye wastani.

Mwisho, msimpe Maigret mmoja alama za miaka arobaini. Wa 1931 ni jabali: anapigwa risasi na kuendelea na msako, haongei sana, Simenon bado hajaamua amweke wapi. Wa miaka ya 1950 na kuendelea ndiye mwenye huruma tuliyoipima hapa. Mwandishi mwenyewe hakuwa akitunza daftari: inspekta Torrence anauawa katika riwaya ya kwanza kabisa na baadaye yuko ofisini akipokea simu. Kwa hiyo juu ya karatasi ya matokeo, kabla ya herufi au namba yoyote, andikeni majina ya riwaya zilizosomwa na miaka yake. Anayetaka kuanzia kwenye Maigret aliyepimwa hapa achukue toleo lolote la Presses de la Cité lililotoka baada ya 1950. Wa Fayard apimwe upya, kwenye daftari lingine.